Mhusika Akigoma: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kuitengeneza Rasimu

Mtu akikwambia, "Nilitaka amsamehe mumewe, lakini amekataa katakata," na huyo aliyekataa ni mtu aliyemtunga mwenyewe kichwani, usimwone ameanza kuchanganyikiwa. Hali hiyo inawapata wengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, waliwauliza waandishi walioshiriki tamasha la kimataifa la vitabu la Edinburgh mwaka 2014 na 2018, na matokeo yakachapishwa 2020. Kati ya waandishi 181, asilimia 63 walisema huwasikia wahusika wao wakizungumza, na asilimia 61 walisema wahusika hao huweza kutenda kwa hiari yao. Miaka mingi kabla ya hapo, mwanasaikolojia Marjorie Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ambaye alikuwa amechunguza sana marafiki wa kufikirika wa watoto, aliwahoji pamoja na wenzake waandishi 50 wa hadithi za kubuni. Asilimia 92 kati yao waliijua hali hii, wengine kwa mbali, wengine kwa nguvu.

Wapo wasiotaka hata kuisikia. Mwandishi wa riwaya Vladimir Nabokov, alipohojiwa mwaka 1967, alisema wahusika wake ni watumwa wa makasia tu, yaani kama wale waliofungwa kwenye merikebu na kulazimishwa kupiga makasia. Mimi sioni sababu ya kuchagua upande. Ukimjua mtu kwa miaka, humhitaji awepo ili ujue atasema nini akiona jambo fulani. Jibu lake linakujia lenyewe, na lafudhi yake juu. Mhusika uliyekaa naye muda mrefu huingia kwenye nafasi hiyohiyo ya akili. Umemwekea kauli, woga, hasira, mazoea. Akili inayakusanya yote hayo na kuanza kutabiri bila kukuomba ruhusa. Utabiri huo ukigongana na mpango ulioupanga mwanzoni, hapo ndipo unapohisi umegomewa.

Kwa hiyo kugoma kuna sababu, na mara nyingi sababu hiyo imekwisha kuandikwa. Iko kwenye kurasa zilizopita, nyuma kabisa ya pale unapokwama. Mwongozo huu wote unasimama juu ya jambo hilo.

Kabla ya kugusa chochote

Hifadhi nakala ya rasimu kama ilivyo. Kisha rudi nyuma, soma kwa sauti, mpaka uifikie sentensi ya mwisho ambayo mhusika na mpango wako walikuwa bado wanakwenda pamoja. Weka alama hapo. Tafuta chanzo kati ya alama hiyo na mahali ulipokwama. Usipokiona, nenda kwenye sura ambayo mhusika huyo aliingia kwa mara ya kwanza. Usianze kwa kuliandika upya tukio lililogoma. Waandishi wengi humalizia wiki nzima hapo, wakilipaka rangi tukio ambalo halina kasoro yoyote ila limewekwa juu ya msingi uliopinda.

Halafu andika sentensi moja: fulani anafanya jambo fulani *kwa sababu*... na umalizie. Kinachofuata baada ya "kwa sababu" kikiwa ni haja yako wewe ("kwa sababu sura ya kumi inamtaka awe hana nyumba") na si haja yake, umekwisha kupata nusu ya jibu.

Dalili: anafanya ulichotaka, lakini tukio limekufa

Hii ndiyo inayowasumbua watu zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo. Mhusika anatii. Anasaini, anaondoka, anakubali posa, anakiri. Lakini ukisoma, maneno yamelala. Umeliandika tukio hilo kwa njia tatu na zote tatu zinanuka karatasi.

Chukua mfano. Zuhura amerithi nyumba pamoja na kaka yake. Mpango unataka asaini kumwachia kaka sehemu yake yote, maana nusu ya pili ya hadithi inamhusu Zuhura asiye na pa kukaa. Rasimu inasema:

"Zuhura aliichukua kalamu. Alimtazama kaka yake kwa muda. 'Sawa,' alisema. 'Nitasaini.' Machozi yakamlengalenga."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Tatizo linaonekana ukirudi sura ya tatu, ambako mwandishi, kwa kutaka tu kumpa mwanamke huyu uhai kidogo, alimwonyesha akihesabu chenji mara mbili mbele ya muuzaji na kuweka kila stakabadhi ndani ya kopo la zamani. Yalikuwa mapambo wakati ule. Lakini mtu anayetunza stakabadhi hatoi nyumba kwa machozi ya kulengalenga. Ni sura ya tatu iliyogoma, kupitia mkono wake.

Hapa kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuifuta ile tabia ya sura ya tatu. Mimi siipendi, kwani unaua kitu hai ili kitu mfu kipate nafasi. Ya pili ni kuubadilisha mpango: Zuhura hasaini, na hadithi itafute njia nyingine ya kumtoa nje. Ya tatu, ambayo watu huisahau, ni kumwacha afanye kile mpango unachotaka lakini afanye kwa namna yake:

"Zuhura aliisoma karatasi mpaka mwisho, akairudia. 'Kaka, hapa pameandikwa nimepokea. Nimepokea nini?' Kaka akacheka. 'Hayo ni maneno ya wanasheria tu, mdogo wangu.' Zuhura akatikisa kichwa, akasaini. Chini ya jina lake, kwa herufi ndogo, akaongeza: *Sijapokea kitu.*"

Amesaini. Mpango haujaharibika hata kidogo. Lakini sasa kuna maneno mawili chini ya karatasi, na kaka hakuyaona. Sura za mbele zimepata kazi ambayo hazikuwa nayo, na mwandishi hakuitafuta. Imetoka kwenye kopo la stakabadhi. Jaribu njia hii kabla ya zile mbili.

Ikiwa umerudi nyuma na hukuona tabia yoyote inayogongana na tukio, basi chanzo ni kinyume chake: huyu mtu hana kitu ndani. Hagomi, hayupo. Umempa jina, umri na kazi, lakini hujampa jambo moja analolitaka kiasi cha kuweza kulifanyia ubaya. Mpe hilo, na ulipande mapema, katika sura yake ya kwanza au ya pili.

Dalili: amefanya usichokipanga, na umesisimka

Kalamu imekimbia. Mlikuwa mnakwenda sokoni, yeye amepinda kona akaenda polisi. Unajisikia vizuri sana, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu raha ya kushtukizwa haithibitishi kwamba jambo lenyewe ni sahihi.

Mwaka 1876 mwandishi Mrusi Lev Tolstoy alimwandikia rafiki yake Strakhov kuhusu riwaya aliyokuwa akiiandika, *Anna Karenina*. Alisema sura inayoonyesha hali ya Vronsky, mpenzi wa Anna, baada ya kukutana na mume wa Anna ilikuwa imekwisha kuandikwa zamani. Alipoanza kuirekebisha, bila yeye kutarajia kabisa, lakini pia bila shaka yoyote, Vronsky akajipiga risasi. Akaongeza kwamba kwa yale yaliyofuata, tukio lile lilionekana kuwa la lazima.

Sehemu ya kwanza ya kisa hicho hupendwa sana na waandishi. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye manufaa. Baada ya mshtuko, alitazama mbele akaona kama tukio limeshikana na mengine. Basi na wewe uliza maswali mawili, kesho yake, mshtuko ukiwa umepoa. La kwanza: je, msomaji akirudi nyuma ataona kwamba jambo hili lilikuwa linakuja? Si lazima awe alilibashiri. Inatosha kwamba akilitazama sasa haoni limeangushwa kutoka juu. La pili: je, sura za mbele zinakuwa na kazi zaidi au zinabaki kama zilivyo? Jambo la kushtua ambalo halibadilishi chochote kurasa ishirini mbele ni fataki. Lipige picha kwenye daftari lako la mawazo, kisha litoe.

Likifaulu maswali yote mawili, mfuate, hata kama mpango uliuandika kwa wino wa dhahabu. Mpango uliuandika ukiwa humjui, sasa unamjua.

Dalili: kila akigoma, anagomea upande wa raha

Nataka usome sehemu hii polepole, maana hapa ndipo tunapojidanganya zaidi.

Mama na binti wamekaa mezani. Baada ya miaka ya kunyamaziana, leo binti atamuuliza kwa nini alimwacha. Umeijenga hadithi yote kuelekea meza hii. Unaandika, na ghafla mgeni anabisha hodi. Au binti anaangua kilio na mama anamkumbatia kabla ya swali kutoka. Au mama anapata simu. Unajiambia, "Wahusika wangu hawakuwa tayari."

Tazama mwelekeo. Mhusika anayegoma kwa haki yake hugomea pande zote: mara anakataa kusamehe, mara anakataa kulipiza kisasi. Lakini kama kila ukaidi unaishia kwenye suluhu ya haraka, kuondoka chumbani, au usingizi, anayegoma si mhusika. Ni mwandishi, na anaogopa ukurasa huo. Mara nyingi ana sababu nzuri ya kuogopa, kwani meza ile inafanana na meza anayoijua.

Tiba yake haina hila. Mfungie mgeni mlango, zima ile simu, na uandike tukio lote bila nia ya kulitumia, kwa faili jingine ambalo hakuna atakayelisoma. Acha binti aulize kwa maneno mabaya kabisa yanayomjia. Acha mama ajibu jibu lisilofaa. Ukimaliza, unaweza kugundua kwamba hadithi inahitaji mistari minne tu ya yale uliyoyaandika, lakini mistari minne hiyo usingeipata kwa njia nyingine. Na kama bado huwezi kuliandika mwaka huu, iache hadithi hiyo ikae. Kuiacha kwa muda ni heshima zaidi kuliko kumalizia na kumbatio la uongo.

Dalili: mhusika mdogo ameteka hadithi

Alikuja kuleta barua. Alitakiwa abishe, aitoe, aage. Sasa ana mke, ana deni, ana utani wake na mlinzi, na kila akiingia ukurasa unawaka. Mhusika mkuu, maskini, amekaa kando akitafakari.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mhusika mdogo anayeng'aa huwa anaonyesha ugonjwa wa mkuu. Linganisha wawili hao kwa swali moja: nani anataka kitu *leo*, ndani ya tukio hili? Tarishi anataka alipwe kabla duka halijafungwa. Mhusika mkuu anataka "kupata maana ya maisha." Msomaji atamfuata tarishi, na mwandishi pia. Mpe mkuu haja ya leo, yenye saa na mlango, na utaona tarishi anarudi mahali pake bila kufukuzwa.

Akikataa kurudi hata baada ya hapo, fikiria kwa dhati kwamba hadithi ni yake. Chukua tukio moja muhimu uliandike kwa macho yake. Kama lote linakaa sawa, na mambo uliyokuwa ukiyaeleza kwa aya nzima sasa yanaonekana kwa tendo moja, umekuwa ukisimulia kutoka kiti kisicho chake. Ni kazi kubwa kuhama kiti katikati ya riwaya, sikudanganyi. Lakini ni ndogo kuliko kumalizia riwaya nzima ukimvuta mtu asiyetaka kutembea.

Dalili: wanaongea, wanaongea, hawakomi

Mazungumzo yanatiririka, kurasa saba, na hakuna kilichobadilika. Hii si uasi. Wahusika wenye sauti nzuri huweza kuongea milele kwa sababu ndani ya chumba hakuna anayemnyima mwenzake kitu. Amua kila mmoja ameingia akitaka nini na nani ataondoka bila kukipata. Kisha kata kuanzia juu: mara nyingi mazungumzo halisi huanza ukurasa wa tatu.

Dalili: amebadilika katikati, na hakuna kilichombadilisha

Sura ya nne ni mkali na mchache wa maneno. Sura ya saba anatania kila mtu. Kabla hujasema amekua, angalia tarehe za faili. Uliacha kuandika kwa muda hapo katikati? Ulikuwa unasoma kitabu cha mwandishi mwenye sauti nzito? Sauti ngeni huingia kimyakimya kupitia mianya ya namna hiyo. Mabadiliko ya kweli yana tukio unaloweza kulinyooshea kidole, sauti iliyoteleza tu haina. Dawa ni kusoma kwa sauti maneno yake tu, kutoka mwanzo, ukiruka masimulizi yote, kisha kuendelea kuandika siku hiyohiyo sikio likiwa bado limejaa.

Dalili: anakataa kufa

Umemwandalia kifo mara kadhaa, na kila mara anapona. Tofautisha nani anamkinga. Kama ni hadithi, utaona kwamba kifo chake hakimalizi swali lolote, kinakuondolea tu mtu usiyejua umpe kazi gani. Hapo ana haki ya kuishi. Kama ni mapenzi yako kwake, utaona kinyume: hadithi nzima inaelekea kwenye kifo hicho na wewe ndiye unayeweka daktari kila kona.

Wakati mwingine wanaomkinga ni wasomaji. Mwandishi Arthur Conan Doyle alimuua mpelelezi wake Sherlock Holmes mwaka 1893 akiwa amemchoka, na baada ya malalamiko mengi na miaka kumi akamrudisha, mwaka 1903. Ilikuwa rahisi kwake kwa sababu katika hadithi ile hakuna aliyeuona mwili; Watson, rafiki yake Holmes, alikuta barua na vitu vyake vichache tu kando ya maporomoko. Kama umeamua mtu wako amekufa, mtu mwingine auone mwili wake, auoshe, au aubebe. Tukio hilo la mwili pia huwa ndilo linalomlazimisha mwandishi kuamini.

Dalili: sauti yake inakufuata nje ya uandishi

Unakosha vyombo, naye anatoa maoni. Uko kwenye foleni, unajua angemwambia nini yule aliyekata foleni. Kwa walio wengi hilo ni jambo la kawaida na lina faida, beba karatasi. Likianza kukuharibia usingizi, weka saa ya kufunga kazi na umwandikie mstari mmoja wa "kesho tutaanzia hapa."

Lakini sauti ikikuamrisha kujiumiza au kumdhuru mtu, ikikutisha, au ukianza kushindwa kujua kama ni ya mtu uliyemtunga au la, hilo limekwisha kutoka nje ya mwongozo wa uandishi. Mwone daktari au mtaalamu wa afya ya akili, na umweleze kama ulivyo, bila aibu.

Dalili: hakuna anayegoma kabisa

Nimeiweka mwisho kwa kuwa wenye tatizo hili huwa hawatafuti msaada. Mpango unakwenda kama ulivyopangwa. Kila mtu anasema kinachotakiwa, kwa wakati unaotakiwa. Wakosoaji wetu wana jina la wahusika wa aina hii: vipaza sauti vya mwandishi. Kijana mwema anatoa hotuba, mzee mbaya anajikwaa kwenye maneno yake, na dhamira imebandikwa ukutani.

Kipimo: ficha majina ya wasemaji katika ukurasa wowote wa mazungumzo, umpe mtu mwingine asome. Asipoweza kusema nani ni nani, wote hao ni wewe.

Anza na yule usiyekubaliana naye zaidi. Andika ukurasa mmoja ambamo tajiri mnyonyaji, mume jeuri, au kiongozi mla rushwa anajieleza kwa mtu anayempenda, labda binti yake, usiku, bila hofu ya kuhukumiwa. Usimwekee kosa la mantiki ili msomaji amcheke. Mpe sababu yake bora kuliko zote, ile ambayo ukiisoma inakunyima raha kidogo. Ikifika mahali anasema jambo ambalo hukulitarajia na hujui la kumjibu, hapo ameanza kusimama kwa miguu yake. Usimjibu kwenye ukurasa huo. Nenda sura aliyomo mpinzani wake, uone kama hotuba uliyomwandalia bado inatosha, na kama haitoshi, iandike upya kuanzia hapo.